Mama amemrudisha mdogo wangu kwa mume aliyempiga. Nimwanzeje?

Dada_Musoma: Habari zenu wapendwa. Jumapili mdogo wangu alikuja nyumbani na mtoto mgongoni, mkono wa kulia umevimba hadi bangili haitoki. Kosa lake ni kwenda mwaloni kununua dagaa bila kuaga. Nikasema twende polisi tukachukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mama akasimama mlangoni: "Mwanamke anatokaje bila ruhusa? Hata mimi baba yenu alinipiga, na mmekua." Shangazi akakumbusha kwamba ng'ombe watatu wa mahari walishauzwa ada ya kaka. Jioni wakamsindikiza kwa mumewe na kuku wa kuombea msamaha. Kuku kambeba yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Baba hakutia neno. Waliomrudisha wote ni wanawake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Msaidizi wa Sheria: Pole sana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme itakavyo. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi, mpewe PF3, kisha hospitali. Msisubiri uvimbe upungue.

Mwl. Kijana: Mama yako ana wenzake wengi. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akitelekeza watoto au akimnyima unyumba. Wanawake asilimia 58 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40.

Bibi wa Wanne: Mwanangu, nami nilimrudisha binti yangu mara mbili. Tulifundwa kwamba mambo ya chumbani hayatoki nje, na niliogopa maneno ya wenzangu wa jumuiya kuliko jicho la mwanangu lililovilia damu. Mara ya tatu aliletwa na bodaboda, hajitambui. Usimgombeze mama. Muulize tu, usiku ule alipopigwa yeye, alitamani nani amfungulie mlango.

Dada_Musoma: Asante bibi. Nimemuuliza asubuhi hii tukichambua mchele. Kanyamaza mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Nilikwenda kwa bibi yako. Hakufungua." Kesho saa mbili namfuata mdogo wangu twende dawatini. Mama kasema mtoto abaki naye.