Digrii ya unesi ya miaka miwili: chuo cha jamii tukipime kwa kipi?

Mama Neema (Texas): Wapendwa, mimi ni CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee, sasa nataka RN, yaani nesi kamili mwenye leseni. Chuo cha jamii cha hapa kinatangaza kwamba karibu wahitimu wake wote wanafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, mara ya kwanza, na kina ithibati ya ACEN, shirika linalokagua programu za unesi. Hiyo inatosha?

Zamu ya Usiku: Haitoshi, dada. Waulize walioanza walikuwa wangapi na waliomaliza kwa wakati ni wangapi. Asilimia ya NCLEX inahesabu waliofika kwenye mtihani tu. Nilikosoma mimi, wenzetu walikwamishwa muhula wa mwisho na mtihani wa ndani, majina yao hayakufika bodi. Chuo kikabaki na sifa, wao wakabaki na madeni. Uliza pia mwalimu mmoja anasimamia wanafunzi wangapi wodini.

Mtu wa Columbus: Mama, nenda BSN, digrii ya miaka minne, moja kwa moja. Nesi wa miaka miwili ni nusu nesi.

Zamu ya Usiku: Nusu nesi?! Kaka, NCLEX-RN ni ile ile, leseni ni ile ile. Mgonjwa wako presha ikishuka saa tisa usiku, utaniuliza cheti?

Mtu wa Columbus: Hasira si hoja. Utafiti wa Linda Aiken, 2003: manesi wenye BSN wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa unapungua kwa asilimia 5. Hata Mildred Montag, aliyebuni ADN, hii digrii ya miaka miwili, miaka ya 50, alikusudia wawe mafundi chini ya manesi wataalamu.

Binti Pwani: Ule utafiti ulikuwa wa wagonjwa wa upasuaji, Pennsylvania. Haukupima chuo chochote. Na hao mafundi wako wanafanya kazi ya RN kamili tangu hujazaliwa. New York wenyewe, kwa sheria ya 2017, wanampa nesi leseni kwanza, kisha miaka 10 ya kupata BSN.

Baba Wawili: Mnasahau Florida? Vyeti bandia vya unesi zaidi ya 7,000 viliuzwa, kesi ikalipuka 2023. Njia za mkato hizi!

Zamu ya Usiku: Unatulinganisha na walionunua vyeti? Nimesoma huku nikilaza watoto na kukimbilia zamu. Omba radhi.

Binti Pwani: Shule zile zilikuwa za binafsi, za biashara. Chuo cha jamii ni cha umma, kinaingiaje hapo? Mama yangu alisoma diploma ya unesi KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, amezalisha kijiji kizima. Naye ni nusu?

Mtu wa Columbus: Sijamgusa mama wa mtu. Nasema hospitali za Magnet, zile zenye tuzo ya ubora wa unesi, zinapendelea BSN.

Baba Wawili: Hapo ana hoja, tuwe wakweli.

Mama Neema: Jamani, nimewapigia. Takwimu za NCLEX wamenitumia papo hapo. Za waliomaliza, wanasema niandike barua, zitatafutwa.

Zamu ya Usiku: Andika leo. ACEN inawadai wafuatilie idadi hiyo, kwa hiyo wanayo. Omba idadi ya miaka mitatu iliyopita, na usilipe ada ya maombi kabla hujaiona. Baba Wawili, bado nasubiri.