Naomba ushauri: wachawi wa Macbeth wana hatia kiasi gani?

Wakuu, habari zenu. Naandaa insha kuhusu Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, na nimekwama kwenye wale wachawi watatu. Wanamtabiria Macbeth ufalme, lakini hakuna anayemwambia amuue mfalme wake, Duncan. Wazo la kuua linazuka kichwani mwake mwenyewe, kisha mkewe analichochea. Banquo, jemadari mwenzake, naye anaahidiwa kizazi cha wafalme, na hamuui mtu ili ahadi hiyo itimie. Hilo ndilo linanifanya nimtwike Macbeth lawama yote.

Ila mfalme James, aliyetawala Uingereza tamthilia ilipoandikwa, alikuwa ametoa kitabu kizima kuhusu uchawi mwaka 1597, na watazamaji wengi wa London waliuogopa kwelikweli. Nitetee vipi hoja yangu bila kuwageuza wachawi kuwa pambo tu? Na lile jambia la hewani, analoliona Macbeth kabla ya kumuua Duncan, nilihesabu upande gani? Mliosoma fasihi, nisaidieni tafadhali.