Tupeane uzoefu: likizo ya kutembea kwa miguu na mwongozaji kisiwani Madeira

Mjukuu wa Nahodha

Wakuu, salaam. Siku hizi wengi wanaulizia Madeira, kile kisiwa cha Wareno kilichoko Atlantiki, na swali ni lilelile kila mara: kuna haja gani ya kumlipa mwongozaji wakati njia zina vibao na namba? Mimi nimetembea na kikundi kilichoongozwa na nina msimamo wangu, ila nataka niwasikie na wenzangu mliofika. Semeni mlipita wapi, nani alitangulia, nini kiliwafaa na nini kiliwakera. Majina ya kampuni tuyaache.

Kwa wasiokijua: ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, urefu wake kama kilomita 57 na upana 22 hivi, na katikati kuna vilele vinavyozidi mita 1,800. Volkano yenyewe imelala maelfu ya miaka. Kaskazini hunyesha sana, kusini uliko mji mkuu, Funchal, ni kukavu. Ndiyo maana tangu karne ya 15 watu wa kule wamekuwa wakichonga mifereji ya kuyaleta maji kusini. Mifereji hiyo huitwa levada, na ukiiunganisha yote inapita kilomita 2,000. Kando ya mfereji kuna kijia cha mtu anayeutunza, na hicho ndicho tunachokwenda kukitembea.

Nianze na langu. Asubuhi moja ratiba ilisema tunakwenda vileleni. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mzaliwa wa hukohuko, alisimama mlangoni akatazama mawingu, akampigia simu mtu anayeishi juu mlimani, kisha akatuambia safari imegeuka, tunaelekea mashariki. Baadhi yetu tulinuna, maana Funchal palikuwa na jua zuri tu. Tukapelekwa Ponta de São Lourenço, ile ncha kavu isiyo na miti, bahari kushoto na bahari kulia. Huko magenge yamekatika ukaona tumbo la volkano: matabaka ya majivu mekundu na ya manjano, na katikati yake kuta nyeusi za mawe zilizosimama wima. Alitueleza kwamba kuta zile ni lava iliyopenya kwenye nyufa ikagandia humo, na kwa kuwa ni ngumu kuliko majivu, upepo na mawimbi vimekula majivu vikaziacha. Tulishinda juani. Jioni tukakutana hotelini na wageni waliokuwa wamepanda vileleni peke yao, wamelowa hadi soksi na hawakuona kitu zaidi ya ukungu.

Kwangu mimi hapo ndipo thamani ya mwongozaji ilipo. Njia utaiona mwenyewe kwenye kibao, lakini kibao hakitakwambia leo siyo siku yake.

Mama Wawili

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi naogopa sana sehemu za juu, nikichungulia tu magoti yanalegea, na nilitaka kujiondoa mapema kabisa. Nasimulia kwa ajili ya wenye hali kama yangu.

Tulikwenda Levada do Caldeirão Verde, upande wa Santana. Ni kilomita 6.5 kwenda na zilezile kurudi, na kwa sababu mfereji lazima uteremshe maji polepole, njia karibu yote ni tambarare. Kifua hakichoki. Kinachochosha ni akili. Kijia ni ukingo wa zege wa mfereji, mahali pengine upana wake hauzidi hatua moja ya mtu, mkono mmoja kuna mwamba, mkono wa pili kuna korongo ambalo mwisho wake huuoni kwa miti. Kuna waya umevutwa kwenye vyuma kama kizuizi, lakini si kila mahali.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole. Kabla hatujaanza aliuliza kila mtu pembeni, si mbele ya wenzake, kama anaogopa sehemu za juu. Nikamwambia ukweli. Akaniweka nyuma yake hatua mbili, akanambia mkono wa ndani uguse ukuta na macho yafuate maji, nisiyaachilie maji. Basi nikatembea hivyo. Niliona vitu ambavyo wenzangu wenye ujasiri hawakuviona: majani ya laureli, miti ya msitu wa kule, yakielea kwa mwendo wetu huohuo, kuvumwani iliyojaa matone kama shanga, na samaki mdogo aina ya trauti amesimama kinyume na mkondo, mkia tu unacheza. Tukikutana na watu wanaorudi, alipaza sauti mapema, wao wakavuka upande wa mwamba, sisi tukasimama mpaka wapite. Hakuna aliyempita mwenzake upande wa korongo.

Kuna mahandaki manne. Mle ndani ni giza kabisa, maji yanadondoka, na dari ni ya chini, kwa hiyo warefu wajihadhari na vichwa vyao. Tochi ya kichwani ni ya lazima, ya simu haifai kwa sababu unahitaji mikono yote miwili. Ukifika mwisho kuna maporomoko ya mita kama 100 yanayomwagikia kwenye bwawa la kijani. Nililia pale. Si kwa woga.

Tembea Ujionee

Nachangia kwa upande mwingine, wakuu. Nimekwenda kwa njia zote mbili na nasema wazi: kuna njia ambazo kumlipa mtu ni kutupa hela. Hiyo Ponta de São Lourenço ikiwa hali ya hewa ni nzuri, huwezi kupotea, fuata watu. Vereda dos Balcões pale Ribeiro Frio ni matembezi ya muda mfupi hadi kwenye roshani ya mwamba, hata mtoto anafika. Hizo jiendeeni wenyewe.

Lakini mtihani wa Madeira ni kwamba njia nzuri zaidi hazizunguki. Unaanzia bonde hili unatokea bonde jingine, na gari lako limebaki ulikoanzia. Levada do Furado, kutoka Ribeiro Frio mpaka Portela, ni kilomita 11 ndani ya msitu. Ukijiongoza mwenyewe, ama unarudi ulikotoka, ama unasaka teksi. Kikundi kinashushwa hapa, kinapokelewa kule. Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, unalipia basi dogo zaidi ya unavyomlipia mwongozaji.

Kero yangu: safari yangu ya kuongozwa kikundi kilikuwa kikubwa mno. Kwenye kijia cha mtu mmoja, watu wengi ni mstari mrefu. Mwongozaji anaeleza jambo mbele, wa nyuma hasikii, na wa nyuma akifika mstari umeshaondoka. Huyo wa nyuma hakupumzika hata kidogo, maana waliopumzika ni wale wa mbele waliokuwa wakimsubiri. Ulizeni idadi ya watu kabla ya kulipa, na muulize kama kuna mtu wa pili anayefunga mkia. Kampuni ikikwepa swali hilo, tafuta nyingine.

Shamba Darasa

Hoja ya basi nimeielewa, ila ndugu yangu naona umempunja mwongozaji. Mimi ni mkulima wa umwagiliaji, na kilichonipeleka huko ni mifereji yenyewe. Sisi tuna mifongo, ile mifereji ya jadi ya Wachaga kule Kilimanjaro, nilitaka kuona wenzetu wanafanyaje.

Mwongozaji wetu aligundua hamu yangu siku ya kwanza, akanikutanisha na levadeiro, yaani mtunza mfereji. Tulimkuta na jembe na reki anatoa majani na udongo uliobomoka usiku. Kazi yake si usafi tu. Maji hugawiwa kwa zamu, kila shamba na saa zake, na zamu ikikuangukia usiku unaamka usiku. Levadeiro ndiye anayefungua na kufunga vilango. Nilimtazama akifungua kimoja: kibati cha ukubwa wa sahani, anakivuta juu kwenye mfuo, maji yanageuka na kushuka kwenye ngazi za migomba na mizabibu, kisha anakanyagia tope kwenye upenyo ili tone lisipotee. Nilisimama pale hadi kikundi kikaniita.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Hapa ndipo msitu unapoingia. Ule msitu wa laureli, laurisilva, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, na una hekta kama 15,000. Mawingu kutoka baharini yakigonga mlima, majani yananasa ukungu, matone yanashuka hadi kwenye mizizi, mwamba wa volkano unayanywa, na chini zaidi yanatoka kama chemchemi. Msitu ukiondoka, mfereji unakauka. Nilikuwa nimesoma hayo, lakini kusimama chini ya mti wakati hakuna mvua na bado koti linalowa ni elimu nyingine.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uzito. Kisiwa hiki hakikuwa na wakazi Wareno walipokikalia mnamo miaka ya 1420. Kabla karne haijaisha kilikuwa kinauza sukari kwa wingi Ulaya, na sukari ile ililimwa pia kwa nguvu za watumwa, wakiwemo Waafrika na wenyeji waliotekwa Visiwa vya Canary. Mifereji ya mwanzo ina jasho lao. Waongozaji wengi hueleza maua na ndege, hili wanaliruka. Wa kwangu nilipomuuliza hakulikwepa. Alitusimamisha, akaeleza, akasema pia kwamba hata mifereji mikubwa iliyojengwa na serikali kuanzia miaka ya 1940, ya umwagiliaji na umeme, ilijengwa na wanakijiji walioning'inizwa kwa kamba kwenye magenge. Sisi Waafrika tukienda, tuulize. Ukiuliza kwa heshima utajibiwa, na wengine kwenye kikundi watasikia.

Bibi Harusi wa Zamani

Wanangu, mimi nina umri wa kustaafu na goti moja si zima. Mnanishauri niende au niwaachie vijana?

Mama Wawili

Shikamoo mama. Nenda. Kwenye kikundi chetu walikuwepo wakubwa kuliko sisi wote na walitembea vizuri tu. Ila usidanganywe na kilomita. Kilomita 11 za levada ni tambarare, na kilomita chache za njia ya mlimani zinaweza kuwa ngazi tupu. Uliza mwinuko wa kupanda na hasa wa kushuka, kwa sababu goti linaumia kwenye kushuka. Beba fimbo mbili za kutembelea.

Mpanda Kilele

Nimwongezee mama hapo: njia ya Pico do Arieiro kwenda Pico Ruivo ndiyo ya ngazi hizo. Arieiro ni mita 1,818, Ruivo ni mita 1,862, ukiangalia namba unaona tofauti ndogo, na ndipo watu wanapojidanganya. Katikati unashuka sana na kupanda tena, ngazi za mawe na za chuma, mahandaki, magenge pande zote mbili. Nimeipita na ni nzuri kupita maneno, mawingu yametanda chini yako na vilele vinachomoza kama visiwa. Kwenye magenge hayo ndiko anakotaga freira, ndege wa baharini anayezaliana Madeira tu, ambaye watu walidhani ametoweka hadi alipothibitishwa tena mwaka 1969. Anaingia kiotani usiku, kwa hiyo mchana hutamwona, lakini mwongozaji alituonyesha magenge yake na kutusihi tusitoke njiani.

Angalizo: moto mkubwa wa Agosti 2024 ulifika maeneo haya na njia ikafungwa. Usinunue safari kwa kuangalia picha za zamani. Muulize mwongozaji sehemu ipi iko wazi wiki hiyo, na akikwambia imefungwa usiruke kizuizi. Mawe yaliyolegezwa na moto huanguka bila taarifa.

Mgeni Njoo

Naomba kujua ya mkononi: viza, vitu vya kubeba, na hizo ada za njia nilizosikia.

Mjukuu wa Nahodha

Mkuu, Madeira ni sehemu ya Ureno, kwa hiyo viza ni ya Schengen. Ada zipo: mwaka 2024 mamlaka za kisiwa zilianza kuwatoza wasio wakazi euro 3 kwenye njia kadhaa maarufu, na viwango hubadilika, hivyo waulize kampuni kama imo kwenye bei yao au unajilipia.

Kubeba: buti zilizokwisha kuvaliwa, zenye soli ya kushika zege lenye maji, koti la mvua hata kama Funchal kuna jua, tochi ya kichwani na betri, sweta kwa ajili ya juu mlimani. Chakula cha mchana vikundi vingi hula njiani, mkate wa bolo do caco na jibini unatosha. Ile poncha, pombe ya miwa yenye asali na limau, muiache mpaka matembezi yaishe, ina nguvu kuliko unavyodhani ukiionja.

Na ndege. Uwanja wao uko ukingoni mwa bahari, sehemu ya njia ya kurukia imesimama juu ya nguzo, na upepo ukizidi ndege hazitui. Zinapelekwa kisiwa jirani cha Porto Santo, Lisbon au hata Canary. Usipange ndege ya kuunganisha siku hiyohiyo ya kuondoka kisiwani, na usianze matembezi siku ileile ya kufika. Acha siku moja wazi kila upande.

Mama mwenye goti, ukishapata tarehe niandikie hapa. Yule mwongozaji wetu ana vikundi vya mwendo wa taratibu vinavyopita levada peke yake, bila vilele.