Kikundi cha Familia: Vigae vya Rehema havilingani

Rehema: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba, na wengine wote natumaini hamjambo. Vigae vilivyotengenezwa kwa mkono nilivyoagiza kwa ajili ya ukuta wa jikoni vimefika leo asubuhi, nami nimeingiwa na wasiwasi. Nilichagua kijani kimoja tu, lakini katika maboksi mawili niliyoyafungua naona kijani cha kila namna, kuanzia cha jani bichi hadi kinachokaribia weusi, na nikiviweka viwili sambamba, kimoja huwa kinene kuliko mwenzake. Fundi ameviangalia akasema kwamba vina kasoro, nivirudishe. Naomba ushauri wenu kabla sijafunga maboksi.

Kaka Idrisa: Mimi namuunga mkono fundi. Kigae ni kitu cha kupimwa kwa rula, na kama havilingani kwa unene, ukuta utakuwa na mabonde na vilima.

Shangazi Zuhura: Marahaba, mwanangu. Usifunge chochote kwanza. Udongo wa mfinyanzi husinyaa unapokauka na husinyaa tena unapochomwa, kwa jumla mara nyingi ni asilimia 10 hivi, ndiyo maana anayetaka kigae cha sentimita 10 hulazimika kukikata kikiwa na sentimita 11 na ushei. Tena hausinyai kwa usawa, kwa sababu kingo hupata hewa na kukauka kabla ya katikati, zikajikunja kidogo hata mfinyanzi akiwa hodari namna gani. Kuhusu rangi, kijani cha namna hiyo kwa kawaida hutokana na shaba iliyochanganywa kwenye glezi, yaani ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo ndani ya tanuri. Kinyanyue kigae hadi dirishani uangalie ukingo wake: pale glezi ilipokuwa nyembamba utaona udongo ukichungulia, na pale ilipojikusanya rangi imekolea. Kiwanda hupambana na tofauti hiyo kwa kila njia. Wewe uliilipia.

Kaka Idrisa: Ya udongo nayakubali, shangazi, lakini kwa hesabu hiyo hakuna kigae kitakachoitwa kibovu. Kila kasoro itapewa jina la sanaa.

Shangazi Zuhura: Kibovu kipo, na hakijifichi. Rehema, shika kila kigae kwa ncha za vidole, ukigonge kwa ukucha: kizima hulia kama kikombe, chenye ufa hutoa sauti iliyoziba. Kisha kilaze kifudifudi juu ya meza iliyonyooka, na kama kinayumba sana kama kiti chenye mguu mfupi, kitenge. Tenga pia kile ambacho glezi yake imejikunyata usoni ikaacha udongo mtupu. Vilivyobaki havilingani tu, na kutolingana si ubovu.

Ukiona nyufa nyembamba kama unywele ndani ya glezi, usiogope. Hutokea pale glezi inaposinyaa kuliko udongo ulioibeba wakati tanuri linapopoa, na wapo wafinyanzi wanaozitafuta kwa makusudi.

Mjomba Salim: Marahaba, Rehema. Mimi nimebandika vigae vya viwandani na vya mkono, na nakuhakikishia kwamba fundi asiyewahi kushika vya mkono huviogopa kwa sababu havimsaidii kunyoosha mstari. Kigae cha kiwandani hujipanga chenyewe, lakini hiki kinataka uzi na pimamaji kila baada ya safu mbili au tatu, kwani ukifuata kingo zake, kosa dogo la safu ya kwanza litakuwa limezaa mteremko utakapofika dirishani. Kwa unene unaotofautiana, gundi ipakwe ukutani kwa mwiko wenye meno, na nyingine ipakwe mgongoni mwa kigae, ili chembamba kiinuliwe na kinene kikandamizwe mpaka nyuso zikaribiane.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: maboksi yote yafunguliwe kwa pamoja na vigae vichanganywe, kwa sababu ukimaliza boksi moja kabla ya kugusa la pili, ukuta utatoka na mabaka, vilivyokolea huku na vilivyofifia kule, na hapo ndipo watu watakapouliza kama vigae havikutosha. Natumaini uliagiza ziada ya asilimia 10 hadi 15. Kundi jipya kutoka tanurini halitalingana kabisa na hili.

Rehema: Ziada ipo. Je, kati ya kigae na kigae niache nafasi kiasi gani, na grauti, yaani ile saruji laini ya kujazia nafasi hizo, iwe nyeupe?

Mjomba Salim: Milimita 2 au 3 zinatosha. Nyeupe hapana, kwa maana macho yataona wavu badala ya vigae. Chagua rangi inayokaribia kijani chako. Kama glezi ina zile nyufa za unywele, ipakwe kwanza dawa ya kuziba vinyweleo, la sivyo grauti itaingia humo na haitatoka.

Kaka Idrisa: Nauliza kwa nia njema: kama jiko zima litavaa vigae hivi, si litakuwa na kelele?

Shangazi Zuhura: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Waholanzi wa karne ya 17 walikuwa na vigae vilivyochorwa kwa mkono, kimoja takriban sentimita 13 kila upande, na mara nyingi waliviweka kwenye meko na chini kabisa ya kuta, ambako maji na ufagio vingeharibu plasta. Vilikuwa na kazi, na mtu aliviona kwa karibu. Rehema, weka ukuta mmoja tu nyuma ya jiko na sinki, na kuta nyingine zipakwe rangi isiyong'aa. Ukienda kwenye zelij, yaani vigae vya glezi vinavyokatwa kwa mkono, za Fez, nchini Moroko, utakuta vipande vimebanwa hadi karibu kugusana, na kwa kuwa kila kimoja kimeinama kidogo kwa namna yake, mwanga unakatika vipande vipande kama juu ya maji.

Mjomba Salim: Kwa sababu hiyo hiyo, angalia taa. Taa iliyobandikwa ukutani chini ya kabati itaangaza kwa kushuka sambamba na vigae na kufichua kila ukingo ulioinuka. Anayependa mawimbi na aiache hapo. Asiyependa aisogeze mbele, karibu na ukingo wa kabati.

Rehema: Na vilivyobaki, naweza kuviweka sakafuni bafuni?

Shangazi Zuhura: Hapana. Udongo uliochomwa kwa joto la chini unaweza kunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, wakati kigae cha kaure hakifiki asilimia 0.5, na glezi yako itachubuka kwa mchanga wa viatu na kuteleza ikilowa. Tena usiisafishe kwa siki wala ndimu. Tumia sabuni laini na kitambaa.

Rehema: Nimegonga vyote. Vitatu vimetoa sauti iliyoziba, na karakana imekubali kuvibadilisha. Vingine nimevitandaza sebuleni kwa ukubwa halisi wa ukuta, na jua la jioni limevigeuza hata fundi akaacha kunishawishi. Kimoja kina alama ya kidole gumba kwenye ukingo, na mwanangu anataka kikae karibu na swichi.

Kaka Idrisa: Basi kishushwe hadi usawa wa macho yake, maana swichi hajaifikia.

Mjomba Salim: Upige picha mpangilio huo kabla mtu hajaukanyaga, kisha uandike namba mgongoni mwa kila kigae kwa kalamu ya risasi.

Rehema: Nimefika namba 74, mjomba, na kalamu imebaki kipande.