Naomba ushauri: keki za kuoka ndani ya chupa za kioo, za kutuma Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Ningependa kuwatumia wakwe zangu walioko Mombasa, kwa basi kutoka hapa Nairobi, keki zilizookwa ndani ya chupa za kioo zenye mdomo mpana, ili kila mmoja apate yake.

Kinachonitatiza ni usalama. Rafiki yangu anashauri nifunge vifuniko mara tu chupa zinapotoka kwenye oveni, akidai kwamba keki itakaa miezi. Lakini wataalamu wa kuhifadhi chakula wa Marekani wanaonya dhidi ya jambo hilo, kwa kuwa keki nyingi zina unyevu wa kutosha na asidi kidogo, na mahali pasipo hewa bakteria wa botulini, ambao chembe zao sugu hazifi kwa joto la kuokea keki, huweza kuzaliana na kutoa sumu. Isitoshe, chupa za jemu hazikutengenezwa kwa ajili ya oveni na huweza kupasuka.

Je, niweke ndani ya chupa unga, sukari, kakao na beking pauda vikiwa vikavu, pamoja na maelezo ya kupika? Naelekea huko, ingawa nachelea mama mkwe asije akaona nimemtumia kazi badala ya zawadi. Tena, kwa kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huku napunguza beking pauda. Kwa wanaookea Pwani, niiongeze kwa kiasi gani?