Maumivu ya kinena na mkojo kubana kabla ya hedhi: ni UTI kweli au ni homoni?

Tumaini29
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nimechoka. Karibu mwaka sasa, zikibaki siku nne tano niingie kwenye siku zangu naanza kuumwa chini ya kitovu, yanavuta mpaka kiunoni, halafu mkojo unanibana kila baada ya nusu saa, nikienda natoa kidogo tu na nikisimama nasikia kama haujaisha, usiku naamka hata mara nne. Hedhi ikianza siku ya pili ya tatu vyote vinapotea. Nimeshameza dozi nne za antibayotiki, kila nikienda naambiwa UTI. Juzi ndo nikaomba wauoteshe mkojo, majibu yakaja hakuna bakteria walioota. Je homoni zinaweza kugusa kibofu au nawaza tu?

NesiZamuYaUsiku
Pole sana mdogo wangu, na huwazi tu. Kibofu na njia ya mkojo vina vipokezi vya estrojeni kama uke ulivyo navyo, kwa hiyo homoni zikipanda na kushuka navyo vinasikia. Siku za mwisho kabla ya hedhi estrojeni na projesteroni zinashuka pamoja, kuta za mfuko wa uzazi zinatoa prostaglandini kwa wingi, hizo ndo zinabana mfuko mpaka unasikia tumbo linakata. Sasa mfuko wa uzazi na kibofu vimelaliana na mishipa yao ya fahamu inaingia uti wa mgongo sehemu zinazokaribiana, kimoja kikiwaka mwenzie naye anakuwa mwepesi kushtuka, mkojo kidogo tu ubongo unaambiwa kimejaa.

Ila usiishie kusema ni homoni basi ukakaa. Mwulize dokta kuhusu endometriosisi, yaani tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, maana inaweza kuota hata kwenye kibofu, na ultrasaundi ikiwa safi haimaanishi haipo. Pia kuna ugonjwa wa maumivu ya kibofu usio na bakteria, na wengi wenye nao wanasema unazidi kabla ya hedhi. Kipimo cha haraka cha mkojo kikionyesha chembe nyeupe za damu peke yake hakitoshi kusema UTI, hapo ndo watu wengi wanabebeshwa dawa bure na inaniuma sana nikiona.

Mama Wawili
mimi nilipokuwa nanyonyesha niliwashwa na mkojo nikajua ni UTI kumbe estrojeni huwa inashuka kipindi hicho, uke unakauka na njia ya mkojo nayo, ilipungua nilipoachisha

BibiMwenyeSubira
Mwanangu pole. Mimi nina miaka 57, hedhi ilikata zamani, kwangu ni kinyume chako, bakteria walikuwa wanaota kweli, UTI tatu ndani ya mwaka mmoja. Dokta wa wanawake akanieleza kwamba estrojeni ikiisha ngozi ya uke inakuwa nyembamba, wale bakteria wazuri wanaotunza asidi wanapungua, ndipo wale wa utumbo wanapata njia ya kupanda kwenye kibofu. Akanipa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kila siku kwa wiki mbili halafu mara mbili kwa wiki. Ilichukua miezi kadhaa kutulia, usikate tamaa mapema. Ila hiyo ni ya umri wangu, wewe usijipakie bila dokta.

Tumaini29
Shikamoo mama, asante sana. Dada nesi, ibuprofeni naweza kutumia?

NesiZamuYaUsiku
Inazuia hizo prostaglandini, kwa hiyo inafanya kazi zaidi ukianza mara tu maumivu yanapoanza kuliko ukisubiri yakolee, kunywa ukishakula. Usitumie kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au unahisi mimba. Na ukipata homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, damu kwenye mkojo, au hedhi imechelewa na maumivu yako upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa miezi miwili mitatu andika kila siku tarehe, maumivu kwa namba 0 mpaka 10, na umekojoa mara ngapi, umpelekee dokta.

Tumaini29
Nimetoa vyeti vyote vinne nikaviweka kando ya kalenda ninayoandikia hedhi. Dozi zote nne zilianza ndani ya ile wiki ya mwisho kabla ya damu, hakuna hata moja iliyoanza katikati ya mwezi. Naenda navyo Jumatatu.