Mama anaondolewa titi Jumatano na ana presha. Nusu kaputi ataihimili?

Mtoto_wa_Pangani:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Mama yangu ana miaka 63, ana saratani ya titi. Kamaliza mizunguko minne ya kemo, ile dawa nyekundu, na Jumatano anaondolewa titi la kushoto. Presha anayo tangu 2014, anameza losatani na amlodipini.

Kinachonitia hofu si kisu, ni nusu kaputi. Mwaka jana jirani yetu alishuka presha akiwa kwenye meza ya upasuaji, akalazwa ICU siku tatu. Alipona, lakini mama alikwenda kumjulia hali na tangu siku hiyo wimbo ni mmoja: "Mkinilaza mimi siamki." Juzi nimekuta vidonge vyake kavifunga kwenye pindo la kanga, hamezi, eti vitagongana na dawa ya usingizi. Je, niombe alazwe usingizi kwa ketamini? Nasikia haishushi presha.

Nesi_wa_Usingizi:
Pole sana ndugu yangu. Nina miaka 11 thieta, upande wa usingizi.

Presha kushuka dakika za mwanzo ni kitu tunachokitarajia. Propofoli, ile dawa ya usingizi nyeupe kama maziwa, inalegeza mishipa ya damu, na kwa mtu mzima mwenye presha inashusha zaidi. Ndiyo maana tunaisukuma polepole, kidogo kidogo, huku mashine ikimbana mkono kupima kila baada ya dakika chache, na efedrini ya kupandisha imeshavutwa kwenye bomba la sindano, ipo pembeni. Ketamini kweli inashikilia presha, lakini inaupeleka moyo mbio, na si kila moyo wa mgonjwa wa presha unaiweza. Wakati mwingine tunachanganya zote mbili kwa dozi ndogo. Usiombe dawa kwa jina. Peleka historia yake yote.

Na hapo kwenye dawa nyekundu ndipo nataka unijibu. Dawa ile inaweza kudhoofisha misuli ya moyo. Mama akipanda ngazi anahema? Analalia mito mingapi? Miguu inavimba? Amepimwa ECHO, ile ultrasaundi ya moyo, baada ya kemo?

Vidonge aanze kumeza leo. Amlodipini kwa kawaida humezwa hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda la maji. Losatani mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, maana inaweza kufanya presha ishuke halafu igome kupanda. Hilo aliamue daktari wenu wa usingizi, si wewe wala mimi.

Mzee_Makorora:
Mpe kitunguu saumu kingi, presha itakaa sawa.

Nesi_wa_Usingizi:
Hapana mzee wangu, samahani. Kitunguu saumu kingi kinaweza kuongeza kutoka damu. Na kama kuna mizizi yoyote anakunywa, aseme.

Bibi_wa_Chumbageni:
Mwanangu, mimi langu waliliondoa 2019. Niliingia natetemeka hadi kitanda kinalia. Yule kijana wa usingizi akanishika mkono, akaniambia, "Mama, mimi sitoki hapa mpaka uamke." Akanipa sindano ya kutuliza, nikakumbuka taa tu. Mwambie mama aseme hofu yake mbele yao, asiifunge kwenye kanga.

Halafu piko aitoe. Kile kibano cha kidoleni kinasoma oksijeni kwa mwanga, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi tititi. Walihangaika, mwisho wakakibana kwenye ndewe ya sikio.

Mtoto_wa_Pangani:
Nesi, umenigusa pabaya. Anahema, tena ngazi sita tu za barazani. Mito miwili. ECHO hajapimwa, na sisi tulidhani ni uchovu wa kemo.

Mtoto_wa_Pangani (Jumanne):
Nimemwona daktari wa usingizi, nimemweleza yote hadi pindo la kanga. Ameahirisha wiki moja, ECHO ni kesho saa tatu. Mama kanuna kwa kuahirishwa, lakini vidonge kameza mbele yangu. Piko haijatoka yote, bado tunasugua.